Kunoa panchi hakuimalizi

Mafundi wengi wa vyuma hapa Malindi huamini kuwa panchi ya mashine, yaani chuma chenye makali kinachotoboa bati, ikinolewa mara kwa mara inaisha upesi. Basi huitumia mpaka bati litoke na miiba mirefu ukingoni mwa tundu. Ukweli ni kinyume kabisa. Makali yakishaviringika, panchi huminya bati kabla ya kulikata, mashine hulemewa, na uchakavu huongezeka kasi. Noa pale mviringo wa makali unapofika kama milimita 0.25, utaondoa kidogo tu. Ukingoja, utalazimika kusaga kina kirefu, na huko ndiko kuimaliza panchi.

Kinachoniuma zaidi ni joto. Panchi ikigeuka kahawia au buluu chini ya jiwe la kunolea, chuma kimelegea na kitakuwa butu tena upesi. Ondoa takriban milimita 0.03 kila jiwe linapopita, maji ya kupozea yakimiminika bila kukatika. Kuichovya ndooni ikishachemka huweza kuipasua.

Dai, yaani chuma chenye tundu ambamo panchi huingia chini ya bati, nayo ikisagwa hupungua kimo: iwekee kipande chembamba cha bati chini irudi usawa wake. Panchi uiondoe usumaku, la sivyo vipande vilivyokatwa vitaing'ang'ania.