North Brother: Kisiwa Kilichofungwa, na Maneno Yanayokizunguka

Ndani ya jiji la New York, kati ya mwambao wa Bronx na kisiwa cha gereza cha Rikers, kuna kisiwa cha ekari zipatazo 20 ambacho haruhusiwi mtu kukikanyaga bila kibali. Kinaitwa North Brother. Zamani kilikuwa na hospitali ya kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza, na hakijakaliwa tangu 1963. Mwaka 2008 mpiga picha Christopher Payne, ambaye alisomea usanifu wa majengo, alianza kwenda huko kwa ruhusa ya jiji. Alikirudia kwa miaka kadhaa, majira baada ya majira, na kazi yake ikachapishwa kitabuni mwaka 2014. Picha hizo zimesambaa mno mitandaoni, na kila zinapopita zinabandikwa maelezo mapya: kisiwa cha mizimu, kisiwa cha laana, kisiwa cha yule mpishi aliyeua maelfu. Maelezo hayo yananiudhi, kwa sababu yanawafunika watu halisi walioletwa pale, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kuja.

Dhana: Kimefungwa kwa sababu maradhi bado yamo kwenye kuta.

Hapana. Taifodi huenea kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye vimelea. Haikai ndani ya tofali miaka 60 ikimsubiri mgeni. Sababu za kukifunga ni mbili, na wala hazitishi. Ya kwanza ni ndege. Idara ya hifadhi za jiji, inayokisimamia tangu 2001, imekitenga kuwa makazi ya ndege wa majini, hasa wale wa jamii ya yangeyange wenye utosi mweusi ambao huwinda usiku. Wakati mmoja kundi lililotaga hapo lilikuwa miongoni mwa makubwa katika eneo lote la New York. Ya pili ni usalama: paa zinabomoka, sakafu zimeoza, na mashimo ya mitaro yamefunikwa na majani kiasi kwamba huyaoni mpaka mguu umezama.

Jambo linaloachwa nje ni kwamba ndege hao waliacha kutaga hapo katika muongo wa kwanza wa karne hii. Hata hivyo kisiwa kimebaki hifadhi, na naona ni sawa, maana ndege hawawezi kurudi mahali penye msongamano wa watalii. Msimu wa kutaga, yaani kuanzia machipuko hadi mwisho wa kiangazi, hata wenye vibali hukaa mbali. Ndiyo maana katika picha nyingi za Payne miti imepukutika au majani yamegeuka rangi.

Dhana: Ni kisiwa cha mtoni.

Ramani husema East River, lakini maji yale si mto. Ni mlango wa bahari unaounganisha bandari ya New York na ghuba ya Long Island Sound. Maji hujaa na kupwa, na mkondo hugeuka mara kadhaa kwa siku. Karibu na hapo pana Hell Gate, pahala pembamba ambapo mikondo hukutana na ambapo vyombo vingi viliwahi kuzama. Msomaji aliyekulia pwani ataelewa mara moja kwa nini jiji lilikipenda kisiwa hiki. Kutoka Bronx unakiona kwa macho, lakini kuogelea kwenda au kutoka ni kuhatarisha roho.

Hospitali ya Riverside ilihamishiwa hapo mwaka 1885 kutoka Blackwell's Island, ambacho leo ni Roosevelt Island. Ilipokea wenye ndui, kifua kikuu, taifodi na maradhi mengine ya kuambukiza. Wengi waliopelekwa walikuwa maskini na wahamiaji, kwa kuwa tajiri alitengwa nyumbani kwake, akiwa na daktari wake.

Dhana: Mary Mallon aliua maelfu kwa makusudi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyeonewa na kisiwa hiki, akiwa hai na hata baada ya kufa, kumzidi mama huyu.

Mary Mallon alizaliwa Cookstown, Ireland, mwaka 1869, akahamia Marekani akiwa binti, akawa mpishi wa nyumba za matajiri. Mwaka 1906 familia moja iliyokuwa mapumzikoni Oyster Bay ilipata taifodi, na mchunguzi George Soper akafuatilia nyumba alizopikia Mary hadi akamfikia. Mary alikuwa mzima wa afya. Alikuwa mbebaji: vimelea mwilini, dalili hakuna. Siku hizo hata madaktari wengi walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kulielewa jambo hilo, sembuse mpishi aliyefuatwa jikoni kwake na mgeni anayemtaka atoe damu, mkojo na kinyesi. Alimfukuza. Mwaka 1907 alikamatwa na kupelekwa North Brother, akawekwa katika nyumba ndogo peke yake.

Wagonjwa wanaohusishwa naye ni kama 50. Vifo vilivyothibitishwa ni 3. Huenda idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa alipikia nyumba nyingi, lakini maelfu ni uzushi. Mwaka 1909 alikwenda mahakamani kudai uhuru wake, akashindwa. Mwaka 1910 akaachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena, akapewa kazi ya udobi, ambayo ujira wake ulikuwa mdogo kuliko wa upishi. Baadaye akarudi jikoni kwa jina la Mary Brown, na mwaka 1915 watu 25 wakaugua katika hospitali ya uzazi alikokuwa akipika. Wawili wakafa. Kosa hilo ni zito na simtetei. Wale wawili nao walikuwa watu, na safari hii alikuwa ameshaambiwa.

Alirudishwa kisiwani na hakuachiliwa tena mpaka alipofariki tarehe 11 Novemba 1938. Ukijumlisha vipindi vyote viwili, ni takriban miaka 26. Wanaodai kwamba alikuwa mbebaji pekee wamekosea pia. Jiji lilikuwa na mamia ya wabebaji wanaojulikana. Mmoja, Tony Labella, alihusishwa na wagonjwa zaidi ya 100, naye hakufungiwa maisha. Mary alikuwa mwanamke, mhamiaji, hana mume, hana mali, na mdomo wake haukujua kunyamaza. Sidhani kama hayo hayakuhesabiwa.

Tena, hakukaa akitazama ukuta tu. Miaka ya baadaye alipewa kazi katika maabara ya hospitali hiyohiyo. Wanaomchora kama mchawi hawaisemi habari hiyo.

Dhana: Laana ya kisiwa iliiteketeza meli ya General Slocum.

Tarehe 15 Juni 1904, siku ya Jumatano, meli hiyo ilibeba watu zaidi ya 1,300 kutoka mtaa wa Wajerumani wa Manhattan kwenda pikiniki ya kanisa. Wengi walikuwa akina mama na watoto, kwa sababu akina baba walikuwa kazini. Moto ulizuka muda mfupi baada ya kuondoka. Mipira ya kuzimia moto ilipasuka kwa uchakavu. Jaketi za kuokolea zilikuwa zimeoza, magome mepesi (koki) yaliyojazwa ndani yamegeuka unga, na mtoto aliyevalishwa alizama nayo. Mabaharia hawakuwahi kufanyishwa mazoezi. Nahodha, William Van Schaick, aliipeleka meli hadi North Brother na kuikwamisha hapo. Walikufa watu 1,021. Hadi Septemba 11, 2001, New York haikuona msiba mkubwa zaidi ya huo kwa siku moja.

Laana haihusiki hapo. Wa kulaumiwa ni wenye meli waliobana matumizi, na wakaguzi waliopitisha vifaa vibovu. Aliyefungwa ni nahodha peke yake, na baadaye naye akasamehewa na Rais Taft.

Nacho kisiwa kilifanya nini siku ile? Wauguzi, vibarua na hata wagonjwa waliteremka majini, wakashikana mikono kufanya mnyororo, wakawavuta watu nchi kavu. Watu ambao jiji liliwatenga kwa kuwaogopa ndio waliokuwa wa kwanza kuokoa watoto wa jiji. Habari hiyo nayo haimo katika maelezo ya mizimu.

Dhana: Hospitali ilipofungwa, kila kitu kilikoma.

Jengo kubwa linaloonekana zaidi katika picha, lile la kifua kikuu, lilikamilika 1943 na karibu halikutumika kwa kazi hiyo. Baada ya Vita vya Pili kisiwa kikawa makazi ya askari waliorudi na waliokuwa wakisoma vyuo vya New York kwa gharama ya serikali, pamoja na wake na watoto wao. Feri iliwavusha kila siku. Kwa miaka ile michache watoto walicheza penye nyasi, na nguo zilianikwa nje.

Kuanzia 1952 kikawa kituo cha vijana waliotopea kwenye heroini. Vyumba vya kulaza wagonjwa vikawekwa milango ya kufunga kwa nje na nyavu za chuma madirishani, vijana wakafungiwa humo mpaka dawa ziwatoke mwilini. Maandishi yao bado yapo ukutani. Wengi walirudia dawa walipotoka, na 1963 kituo kikafungwa.

Dhana: Mpiga picha ni mvamizi anayetafuta magofu ya kutisha.

Wavamizi wapo. Payne hakuwa mmoja wao: aliomba kibali na kuvuka na wahusika. Tofauti inaonekana ndani ya picha. Moja inaonyesha vitabu vya shule vilivyomwagika sakafuni, kurasa zimevimba kwa unyevu. Mpenda vitisho angeipita hiyo akimbilie chumba cha maiti, lakini vitabu hivyo ndivyo vinavyokwambia kwamba hapa waliishi watoto waliotakiwa kusoma. Anapiga ngazi, bomba na nyumba ya boila kwa jicho la msanifu: hapa moshi ulitokea, hapa maji ya moto yalipita, hapa muuguzi alilala. Kitabu chake kimebeba pia picha za zamani na historia iliyoandikwa, kwa hiyo ukuta uliopasuka unauona na ulivyokuwa mzima.

Wapo pia wanaosema picha hizo zinaonyesha msitu wa asili ukirudi. Si hivyo. Mingi ya mimea inayotambaa juu ya majengo, kudzu ikiwemo, ni ya kigeni na huua miti ya wenyeji. Watumishi wa hifadhi wamekuwa wakiing'oa na kupanda ya asili.

Dhana: Suluhisho ni kukifungua kwa watalii, au kukisahau kabisa.

Mwaka 2014 baadhi ya madiwani wa jiji walikitembelea na kutaka kifikiriwe upya, na mwaka 2016 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliopendekeza ziara chache, za vikundi vidogo, nje ya msimu wa kutaga. Hadi sasa umma hauruhusiwi. Mimi naunga mkono njia ya kati: ndege waachiwe miezi yao, na katika miezi iliyobaki wavushwe wanahistoria, wasanii, wajukuu wa wale wa Slocum, na yeyote aliyewahi kufungiwa katika vyumba vile vya nyavu ambaye bado yu hai. Wa kundi hilo la mwisho waliingia wakiwa vijana kabla ya 1963, kwa hiyo sasa ni wazee, na mambo wanayoyajua hayamo kwenye picha yoyote.