"Kamera imeona utumbo safi, sasa kinyama cha nini?" na dhana zingine za kolaitisi ya vidonda

DHANA: Kamera ikionyesha utumbo uko safi, hamna haja ya kukata kinyama cha utumbo kwenda kupimwa maabara.

Hii jamani nimechoka nayo. Naisikia kliniki, naisikia kwenye simu, na juzi nimeisikia kwa mtu wa afya kabisa, ndugu yake ana kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa utumbo mpana kuwaka na kutoka vidonda, na wamegoma kulipia patholojia kisa ripoti ya kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo mpana, imeandikwa Mayo 0, alama ya utumbo uliotulia. Naelewa hela ni hela, kipimo cha kinyama kinalipiwa peke yake na majibu yanaweza kukaa wiki na zaidi, ila tusidanganyane kwamba kamera na hadubini zinaona kitu kimoja.

Kamera inaona uso wa utumbo basi. Nikiwa naingia naangalia vitu vichache tu, ile mishipa midogo ya damu iliyotawanyika kwenye utando wa utumbo ipo au imefutika, kuna wekundu, nikigusa kidogo na kifaa panavuja damu au pameshavuja kabla sijagusa, kuna michubuko au vidonda kabisa. Hapo ndo alama zinapotoka. Mayo inaenda 0 mpaka 3, 0 umetulia, 1 wekundu kidogo na mishipa imefifia, 2 mishipa haionekani na kuna michubuko, 3 vidonda na damu inayotoka yenyewe. Kuna na UCEIS ya 2012 inayopima mishipa, damu na vidonda kila kimoja peke yake mpaka jumla 8, na mimi binafsi naipenda zaidi maana mtu aliyekuwa 8 akishuka 5 unaona dawa inafanya kazi, wakati Mayo itakuandikia 3 ileile ilimradi kidonda bado kipo.

Sasa kinyama chenyewe ni milimita chache tu, unaweza kukifananisha na chenga ya mchele, kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, kikifika maabara kinakatwa tena vipande vyembamba sana, kinatiwa rangi, ndo mtaalamu wa patholojia anakaa nacho. Anatafuta neutrofili, zile seli nyeupe za kwanza kukimbilia penye shida. Akizikuta zimepenya kwenye kuta za vitezi vya utumbo, au zimejazana ndani ya kitezi mpaka pamefanyika kajipu, ujue inflamesheni, yaani ule moto wa ugonjwa, bado ipo hata kama juu mimi nimeona panang'aa. Hayo hakuna kamera inayokuonyesha wakati wa kipimo cha kawaida kama cha kwetu.

Na wala siyo habari mpya. Truelove na Richards kule Oxford waliandika mwaka 1956 kwamba mgonjwa anaweza asiwe na dalili, utumbo kwa macho uko kawaida, na kinyama bado kikaonyesha inflamesheni. Mwaka 1991 Uingereza wakafuatilia wagonjwa 82 waliokuwa wametulia, ndani ya mwaka mmoja ugonjwa ulirudi kwa asilimia 52 ya wale ambao kinyama chao kilikuwa na neutrofili, na asilimia 25 kwa ambao hawakuwa nazo. Mara mbili hiyo. Kwahiyo mtu anayetumia mesalazini, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, akija kuniambia "dokta naomba tupunguze mesalazini, nimetulia miezi sita", mimi kabla ya kujibu nataka kujua kinyama kilisemaje.

Hapohapo nisije nikaeleweka vibaya, simaanishi kila neutrofili moja ikionekana basi tunakuongezea dawa kali. Mapendekezo ya kimataifa ya 2021, STRIDE-II, lengo lao kwenye kolaitisi ya vidonda ni Mayo 0 au UCEIS isiyozidi 1, kinyama bado hawajakifanya lengo rasmi. Mimi nakitumia kuamua nani nimwachie kamba na nani nimkabe. Alafu kuna upande wa pili, mtu anasoma ripoti mwenyewe, anakuta vitezi vimepinda, vimepungua, vimejigawa, anapaniki usiku kucha. Vitezi vilivyopinda bila neutrofili ni kovu la zamani. Lala.

Wengine wanalalamika "mmenikata vipande vingi". Ndiyo, na kwa mgonjwa mpya visipokuwa vingi ndo ulalamike! Tunataka angalau viwili kila eneo, maeneo yasiyopungua matano, puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, iwemo na mwisho wa utumbo mwembamba uwemo, hata pale panapoonekana pazima, na kila eneo kichupa chake chenye jina lake. Ugonjwa huu kwa kawaida unaanzia kwenye puru unapanda juu bila kuruka, ugonjwa wa Crohn, ambao nao ni inflamesheni ya utumbo, unaruka ruka, sasa ukichanganya vipande vyote kwenye kichupa kimoja ukaandika "koloni" yule mtu wa patholojia ataramba dole ajue kipi kimetoka wapi? Na dawa unazotumia ziandikwe kwenye fomu, hasa enema na dawa za kuweka njia ya haja kubwa, kwa sababu zinaweza kuponya puru ikabaki huku juu pamewaka, asiyejua akaita Crohn. Tena kuna kolaitisi ambayo kamera inaweza isione chochote, mtu anaharisha maji miezi na miezi, utumbo unang'aa kama kawaida, jibu linatoka kwenye hadubini.

Hizi nyingine nazipitia haraka.

"Damu imekata, nimepona." Damu kukata ni jambo jema ila haitoshi. Kuna watu wanaenda choo mara moja kwa siku na ndani ni Mayo 2. Kama hutaki kamera kila mara, na sikulaumu, pima kalprotektini kwenye choo, protini inayopanda utumbo ukiwaka, ikiwa chini ya 150 na huna dalili mara nyingi tunaacha kamera ipumzike. CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni, usiitegemee peke yake, ugonjwa ukiwa kwenye puru tu CRP mara nyingi inatoka kawaida kabisa.

"Kukata kinyama kunaamsha kansa." Hapana. Hakuamshi na hakusambazi. Ni kinyume chake, mwenye ugonjwa uliopanda kupita puru anaanza kufuatiliwa miaka 8 tangu dalili zianze, na aliye na ugonjwa wa mirija ya nyongo ule wa PSC anaanza siku hiyohiyo anapogundulika, kila mwaka, tunatafuta seli zilizoanza kugeuka kabla hazijawa kansa. Ukikataa kinyama hapo umekataa kipimo chenyewe.

"Ni vidonda vya tumbo hivi, nimeshapewa dawa za H. pylori." Vile viko tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hivi viko utumbo mpana. Choo cha damu na makamasi wiki nzima hakihitaji dozi ya tatu ya pylori.

"Ni amiba sugu." Hii nayo inaniudhi, unakuta mtu amekunywa Flagyl miaka, kila maabara anayopita anaandikiwa amiba, hajawahi kuangaliwa hata puru. Lakini sisi madaktari nasi tusijifanye wajuaji, huku kwetu amiba ya kweli ipo, na kwa kamera inaweza kufanana na kolaitisi ya vidonda mpaka ukaapa. Ukimpa huyo prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, ukidhani ni kolaitisi utumbo unaweza kutoboka. Ndo maana nakata kinyama ukingoni mwa kidonda kabla sijaandika steroidi, hadubini ikionyesha amiba iliyomeza seli nyekundu biashara imeisha. Watu wa Kanda ya Ziwa wakati mwingine kinyama cha puru kinarudi na mayai ya kichocho, hilo nalo jibu.

"Mgonjwa yuko hoi, mpeni kolonoskopi nzima tuone yote." Mtu anaharisha damu mara sita na zaidi kwa siku, ana homa, moyo unakimbia, halafu umnyweshe lita za dawa ya kusafisha tumbo na kumpuliza hewa mpaka mwisho wa utumbo? Huyo anaingizwa kamera fupi ya sigmoidoskopi, bila kusafishwa, taratibu, tunaona puru na juu yake kidogo, tunachukua vipande viwili vitatu tunatoka. Na kwenye fomu tunaomba waangalie saitomegalovirusi, hasa kama steroidi zimegoma, maana kirusi hicho kikikutwa matibabu yanabadilika.

Na kama una miadi ya kamera wiki ijayo, achana na diklofenaki ya mgongo, muulize daktari akupe kitu kingine. Inaweza kuchokoza ugonjwa na inaweza kuleta michubuko yake yenyewe, halafu mimi nabaki naangalia kidonda sijui ni cha kolaitisi au cha kidonge.