Vitabu vya picha ukiwa kitandani: dhana potofu na ukweli wake

Mwezi wa sita nilivunjika mfupa wa muundi, mguu wa kulia, nikapasuliwa na kuwekewa vyuma. Daktari akanikataza kuukanyagia mguu huo kwa wiki sita. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na za pasipoti hapa Buruburu, Nairobi, kwa hiyo wiki sita bila kusimama zilinitisha. Nikajiambia, basi, hizi zitakuwa wiki za kusoma. Jamaa waliposikia hivyo, kila aliyekuja kunijulia hali alikuja na ushauri: nunua hiki, usiguse kile, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Mengi niliyaamini, na mengine yalinigharimu pesa na siku. Najua kuna mtu amelala Umoja au Kangemi sasa hivi, mguu juu ya mito, anataka kuanza kuisoma kamera kwa dhati. Namwandikia yeye.

"Sasa una muda, soma kile kitabu kinene."

Muda upo, kichwa ndicho hakipo. Dawa kali za maumivu, kama tramadol, huleta usingizi mchana na kizunguzungu, na usiku maumivu yanakuamsha. Wiki ya kwanza nilisoma mara nne ukurasa mmoja kuhusu kina cha fokasi, yaani ni sehemu gani ya picha inaonekana kwa ukali, na mke wangu aliponiuliza ukurasa umesema nini, sikuwa na jibu.

Nilichoweza ni kutazama. Kwa hiyo siku za mwanzo chagua kitabu chenye picha moja kwa kila ukurasa na maneno machache, uache hesabu za mwanga mpaka dozi ipungue. Na usidhani huko kutazama ni kupoteza wakati. Chukua picha moja ya mtu, ukae nayo dakika kumi. Anza na macho: ile nukta nyeupe kwenye mboni inakuambia dirisha au taa ilikuwa upande gani. Shuka kwenye kivuli cha pua. Kikianguka chini kuelekea mdomoni, mwanga ulitoka juu. Kikilala shavuni, ulitoka ubavuni. Halafu, kama picha ni ya nje kwenye uwanda tambarare, tafuta mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu. Mahali mstari huo unapomkata mtu ndipo kimo cha kamera kilipokuwa. Ukimkata kifuani, mpiga picha aliishika kamera kwenye kimo cha kifua. Nimepiga harusi miaka minane bila kulijua hilo, na nililijua nikiwa chali.

"Kitabu cha picha cha maana ni kile kikubwa cha kuwekwa mezani."

Shemeji yangu, Mungu ambariki, aliniletea kimoja cha namna hiyo, cha wanyama wa mbugani, kama kilo tatu hivi. Nilikiegemeza kifuani. Kabla sijafika kwa simba wa pili, mikono ilikuwa inatetemeka, na kona ya jalada ikateleza hadi kwenye goti lililofungwa bandeji. Sitasahau kona ile. Aliyepasuliwa tumbo ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari, kwa sababu madaktari huwakataza watu hao kuinua vitu vizito kwa wiki kadhaa. Muulize wako kabla ya kulaza kitabu juu ya mshono.

Kinachofaa kitandani ni kitabu kisichofika kilo moja, chenye jalada laini, kinachofunguka na kulala wazi bila kushikiliwa. Kile kikubwa kama unacho tayari, usikitupe. Mke wangu aliishusha meza ya kupigia pasi ikawa chini, akaipitisha juu ya kitanda, na kitabu cha kilo tatu kikapata pa kukaa. Ndiyo meza bora ya kusomea niliyowahi kuwa nayo.

Lakini uzito si tatizo pekee la vitabu vile. Duka ukiingia Nairobi na kuomba kitabu cha picha cha Kenya, mara nyingi utaletewa twiga na jua linalozama. Ni kazi nzuri ya watu waliovumilia juani, ila haikufundishi namna ya kuupiga picha uso wa bibi harusi ndani ya chumba chenye balbu moja. Tunao wetu waliopiga picha za watu. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akapiga mikutano ya siasa na mitaa ya jiji hili miaka ya kupigania uhuru, akauawa kwa risasi katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Sehemu kubwa ya picha zake ilikuja kupatikana zaidi ya miaka arobaini baadaye ndani ya gereji hapa hapa Nairobi, na mwaka 2018 zikatolewa kitabu. Ukikipata cha kuazima, anza na nyuso za watu walio nyuma ya kiongozi, wala si kiongozi mwenyewe.

"Picha haifundishwi ndani ya nyumba."

Hii iliniumiza kuliko zote, maana ilisemwa na mpiga picha mwenzangu. Mwambie hivi. Josef Sudek wa Prague alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye akawapiga picha askari wenzake waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya majeruhi. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1954 alipiga picha za dirisha la studio yake. Dirisha moja: umande kwenye kioo, glasi ya maji, mti uliopinda uani. André Kertész alikuwa anauguza jeraha la vita huko Hungaria mwaka 1917 alipompiga picha mwogeleaji chini ya maji na kuona jinsi maji yanavyoukunja mwili. Uzeeni, baada ya kufiwa na mkewe, akawa anapiga vitu vidogo vya kioo dirishani mwa nyumba yake New York kwa kamera ya Polaroid. W. Eugene Smith, mpiga picha Mmarekani, alijeruhiwa vibaya vitani Okinawa, Japani, mwaka 1945, na picha aliyorudi nayo kazini baada ya kuugua muda mrefu ilikuwa ya watoto wake wawili wakitoka kwenye vichaka kuingia penye mwanga. Na Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Eastleigh, alikatika mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia.

Sudek na Kertész ndio vitabu vya mtu aliyelala. Ukiweza kupata kimoja tu, kipate cha Sudek.

"Mwanga ni mwanga, kitabu kilichoandikwa popote kitafaa."

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vizuri vinapotupotosha bila nia mbaya.

Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa Uingereza au Marekani. Vinasema weka mtu kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua haliingii pale na mwanga wake ni mwororo siku nzima. Dirisha la sebule yetu linatazama kaskazini, upande wa Mlima Kenya. Nikafurahi. Asubuhi nyingi za Julai Nairobi ina mawingu ya kijivu, na kweli mwanga ulikuwa mwororo kama maziwa. Siku moja wingu likapasuka saa sita mchana, na mstari wa jua wenye upana wa hatua moja ukaanguka sakafuni chini ya dirisha, mkali kiasi cha kuumiza macho. Kitabu kilisema jambo hilo halitokei.

Kitabu hakikudanganya, kiliandikwa kwingine. Huko kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Nairobi iko takribani nyuzi 1.3 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Dirisha langu ni la kitabu kwa nusu mwaka tu. Anayetaka mwanga mwororo mwezi wa saba atafute dirisha la kusini, na mwezi wa kumi na mbili ahamie la kaskazini.

Ile saa ya dhahabu, mwanga wa manjano wa kabla ya jua kuzama, nayo ni hivyo hivyo. Wao wana saa nzima na zaidi, hasa majira yao ya joto, kwa sababu jua lao huteremka kwa mshazari. Letu linashuka karibu wima, na ule mwanga wa asali unakaa kama nusu saa tu. Maharusi wangapi nimewachelewesha kwa kuamini saa ya kitabu!

Kubwa zaidi ni ngozi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila unachokielekezea ni kijivu cha wastani. Kwa hiyo vitabu vinafundisha: pima uso, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani, katika mpangilio wake wa kanda za mwanga, aliweka kijivu cha wastani kanda ya tano na ngozi ya Mzungu juani kanda ya sita. Ndiyo hiyo stopu moja. Ni sahihi kabisa kwa ngozi hiyo. Sasa mlete binti yangu, mweusi wa kung'aa, akifanya kazi ya shule kando ya dirisha, sweta ya kijani, mwanga ubavuni. Nilipima shavu nikaongeza stopu moja kama nilivyoelekezwa. Paji la uso likageuka jivu, na ule mng'ao wa mafuta juu ya nyusi, ambao ndio uzuri wenyewe, ukawa doa jeupe. Nikarudi kwenye kipimo kilivyokuwa, bado. Nikapunguza stopu moja, na mtoto wangu akatokea kwenye kioo cha kamera kama alivyokuwa amekaa pale, weusi wake mzima, mng'ao wake mzima. Nilikaa nikiitazama ile picha mpaka uji ukapoa.

Tatizo hili halikuanzia vitabuni. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Kwa hiyo unapochagua kitabu cha mafunzo, fungua sura ya nyuso kabla ya kulipa. Kama hakina hata uso mmoja mweusi, kinunue kwa mambo mengine ukitaka, ila somo la ngozi ulitafute kwa Seydou Keïta na Malick Sidibé wa Mali, au James Barnor wa Ghana. Hao waliwapiga picha watu wetu kwa fahari, na kila ukurasa wao ni darasa.

"Kitabu cha zamani kimepitwa na wakati."

Kilichopitwa ni sura za dawa za kusafishia filamu na orodha za filamu ambazo hazitengenezwi tena. ASA 400 ya kitabu cha mwaka 1975, kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga, ni ISO 400 ya kamera yako. Tundu la lenzi la f/8, yaani upana wa mlango wa mwanga, ni lile lile. Kanuni ya jua kali, f/16 na kasi ya shata inayolingana na ISO (kwa ISO 400, moja kwa mia nne ya sekunde), inafanya kazi Uhuru Park leo. Siku ya mawingu ya Julai fungua mpaka f/8.

"Yote yako kwenye simu bure."

Simu inafaa kwa maneno: unakuza herufi usiku bila kuwasha taa, kijitabu cha maelekezo cha kamera yako unakipakua bure kwa mtengenezaji, na tovuti ya Internet Archive huazimisha vitabu vilivyoskaniwa. Haifai kwa mfuatano wa picha. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956, akapiga picha kama 28,000, na kitabu alichokitoa Ufaransa mwaka 1958 kina 83 tu. Somo liko katika kile alichokiacha na katika ukurasa unaofuata ukurasa. Kwenye kioo cha simu, picha zilizochaguliwa kwa mapana ya mikono miwili zinakuwa stempu.

"Vitabu hivi ni ghali, na lazima uende mwenyewe."

Vipya, ndiyo, ni ghali. Lakini kuna Maktaba ya McMillan kwenye Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake Kaloleni na Makadara, na maktaba ya taifa iko Upper Hill. Na kuna inama, wale wauzaji wanaotandaza vitabu kando ya njia katikati ya jiji. Nilimtuma mdogo wangu, akanipigia kwa video akiwa amechuchumaa pale, na muuzaji akawa ananifungulia kurasa moja moja.

"Pole na mguu, kaka. Hiki mia tatu, na kile cha rangi mia tano."

Mwombe akuonyeshe yaliyomo, kisha sura ya nyuso, kisha katikati ya kitabu polepole. Vitabu vya picha hukatwa kurasa kwa ajili ya fremu, na mara ya kwanza nililetewa kimoja kinachoruka kutoka 40 hadi 45. Safari hii tulihesabu wote wawili, yeye barabarani, mimi kitandani, mpaka mwisho. Kilikuwa kizima. Kilifika jioni ndani ya mfuko wa unga, kwa mkono wa kondakta wa matatu, na binti yangu akakipandisha ghorofani akiwa tayari amekifungua.