Aliyemaliza zoezi mapema apewe nini? Sio adhabu, sio tuisheni

Sisi wathibiti ubora wa shule, wale mliozoea kuwaita wakaguzi, tunaletewa malalamiko mawili yanayogongana. Mzazi mmoja anasema mwanangu anabaguliwa, kila siku anapewa swali tofauti na wenzake. Mwingine anasema wangu akimaliza hesabu anatumwa kumwagilia maua. Huyu wa pili ana haki kabisa, maua yana zamu yake na sio ndani ya kipindi.

Darasa la watoto 45, ndio kiwango cha shule za msingi ingawa najua walimu wengi mnao mara mbili yake, haliwezi kumaliza zoezi kwa pamoja. Wanaowahi wanahitaji kazi ya kuwaendeleza, na sio maswali kumi mengine ya aina ile ile, jamani, hapo mnamfundisha mtoto kwenda taratibu makusudi.

Chukua mfano wa somo la eneo la mstatili. Wenzake wakiendelea na urefu mara upana, aliyewahi atafute mistatili yote yenye eneo la sentimita za mraba 24, pande ziwe namba nzima, halafu apige mzingo wa kila mmoja. Atapata 50, 28, 22 na 20. Sasa muulize, mkulima anayenunua waya wa kuzungushia bustani achague umbo lipi na kwa nini? Mada ni ile ile, hujamrukisha darasa, na umetumia mstari mmoja tu wa chaki. Swali likae ubaoni kila mtu alione, maana kuna mtoto mzito kwenye kuzidisha ila kwenye kuchora anawaacha wote. Kuwa na "kipanga", yaani vinara wa darasa, wale wale wa kudumu kuanzia Januari mpaka mitihani, hilo hatulikubali.

Kazi hii iandikwe kwenye andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, isibaki kichwani mwa mwalimu. Tukifika tunaangalia andalio, azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) na madaftari, tunakaa nyuma darasani, tunaongea na mwalimu, ripoti inaenda kwa uongozi wa shule na baadaye tunarudi kuona kama mapendekezo yametekelezwa. Na hatufukuzi mtu kazi, sijui hii habari nani anaisambaza! Masuala ya nidhamu ni ya Tume ya Utumishi wa Walimu, huko adhabu zinaanzia onyo hadi kufukuzwa, na mwalimu anapewa kwanza nafasi ya kujitetea.

Wazazi, kazi hii inafanyika ndani ya kipindi na hailipiwi hata shilingi. Ukiombwa hela muone mwalimu mkuu, usiporidhika nenda kwa Afisa Elimu Kata. Na kabla ya kusema mtoto kabaguliwa fungua daftari lake, kama zoezi la darasa lipo na limesahihishwa, hilo swali la ziada alilokutana nalo sio kosa la mwalimu.