Spreyi ya pilipili: kuibeba si kujua kuitumia

Wengi wanaamini spreyi ya pilipili haihitaji mafunzo: unabonyeza, mshambuliaji anaanguka. Sivyo. Makopo mengi ya mkobani hufika mita 3 hivi, na mtu mwenye kisu huzimaliza mita hizo kabla hujafungua zipu. Tena dawa hiyo haiangushi mtu. Hufumba macho na kukohoza, na wapo wanaozidi kuja huku machozi yakiwatiririka.

Kwa hiyo jukumu ni la mbebaji. Nunua kopo la mazoezi, lenye umbo lilelile lakini halina pilipili ndani. Zoea kulitoa bila kutazama, kidole gumba kikifungua kizuizi cha usalama. Hapo ndipo wengi hukwama, maana mkono wenye hofu hutetemeka. Lenga macho, puliza kama sekunde 1, kisha sogea pembeni uondoke. Usisimame kungoja matokeo. Upepo ukikujia usoni, ukungu utakurudia mwenyewe. Kopo la mchirizi, linalorusha dawa kama uzi mwembamba badala ya ukungu, huhimili upepo vizuri zaidi.

Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi: mara nyingi kinachopungua ni msukumo wa gesi, na kopo hubaki likitona tu. Ukisafiri, uliza sheria kwanza. Uingereza, chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1968, kuwa na spreyi hii tu ni kosa la jinai.