Leseni ya kuuza shimesikio Marekani: nani anaihitaji

Shimesikio ni kifaa kinachovaliwa sikioni kumkuzia sauti mtu asiyesikia vizuri. Leseni ya kukiuza hupewa mtu anayepima masikio na kurekebisha kifaa, na anayeitoa ni jimbo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya serikali kuu, kazi yake ni kifaa chenyewe. Wanunuzi wengi huchanganya mambo hayo mawili, ndiyo maana utaona mitandaoni "cheti cha usajili wa FDA" chenye muhuri na nembo. FDA haitoi vyeti vya namna hiyo. Kiwanda kusajiliwa hakumaanishi kuwa kifaa kimeidhinishwa.

Tangu Oktoba 17, 2022 kuna makundi mawili ya shimesikio. La kwanza huuzwa rafuni dukani, bila agizo la mtaalamu, kama miwani ya kusomea: kwa mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayehisi usikivu wake umepungua kidogo au kiasi. Jimbo haliruhusiwi kumdai muuzaji wake leseni kwa sababu tu anaviuza. Lakini akijitambulisha kuwa mtaalamu wa usikivu, sheria za leseni za jimbo zinamhusu mara moja.

Uhuru huo una mipaka ndani ya kifaa. Sauti haipaswi kuzidi desibeli 111, au 117 pale mfumo wa kubana sauti (unaopunguza wenyewe ukuzaji wa sauti kubwa) unapofanya kazi, kwa kuwa kelele za juu zaidi zinaweza kuharibu usikivu uliobaki. Ncha yake lazima ikomee angalau milimita 10 kabla ya ngoma ya sikio, na mtumiaji aweze kupunguza sauti mwenyewe.

Kundi la pili ni la agizo la mtaalamu: watoto wote, na watu wazima ambao usikivu wao umepungua sana. Hapa leseni inahitajika, na sababu yake utaiona wakati wa kuchukua umbo la sikio kwa silikoni laini inayoganda, ili kifaa kilikae vizuri. Kabla ya kumimina silikoni, mpimaji huchungulia tundu la sikio, kisha husukuma kizibo kidogo cha sponji chenye uzi. Kizibo kikikaa vibaya, silikoni hupita hadi kwenye ngoma na kugandia hapo. Kuitoa huenda kukahitaji daktari wa masikio, wakati mwingine hata upasuaji.

Ukinunua la rafuni, soma boksi kabla ya kulipa. Sera ya kurudisha bidhaa lazima iandikwe nje, hata kama ni kusema hairudishwi, na kifaa kilichotumika lazima kitajwe hivyo. Pale pale utakuta dalili za kumwona daktari kwanza: usaha au damu sikioni ndani ya miezi 6, maumivu, kizunguzungu, usikivu uliopungua ghafla, au sikio moja tu linalovuma.

Kwa kundi la pili, mwombe mtaalamu namba ya leseni yake na uitafute kwenye tovuti ya bodi ya leseni ya jimbo. Angalia tarehe ya kuisha, na kama ana adhabu yoyote.