Je, wajua kwa nini dawa ya saratani hufungwa ndani ya kipovu cha mafuta?

Doksorubisini ni dawa nyekundu. Mgonjwa huiona ikishuka kwenye mpira wa dripu na kumwingia mkononi, na rangi hiyo hiyo huiona tena kwenye mkojo baadaye. Tangu miaka ya 1970 imekuwa tegemeo katika saratani ya matiti, ya tezi za limfu na nyingine nyingi. Asili yake ni bakteria wa udongoni aliyepatikana kusini mwa Italia, jirani na ngome ya kale ya Castel del Monte. Dawa hii hujipenyeza katikati ya ngazi ya DNA, na seli inayotaka kujigawa hushindwa kuinakili.

Tatizo lake ni moyo. Kila dozi huumiza kidogo misuli ya moyo, na majeraha hayo hujumlishwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana madaktari huweka hesabu ya dawa yote ambayo mgonjwa amewahi kupewa maishani. Ikifika miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kwa kawaida husimamisha. Hebu fikiria: dawa inauzidi nguvu uvimbe, mgonjwa anapata nafuu, na bado inabidi aachishwe kwa sababu moyo hauwezi kubeba zaidi. Ukitaka kuielewa nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza vitu vidogo mno, katika saratani, anzia hapo. Picha za roboti wadogo wanaoogelea kwenye damu zinazosambazwa kila mahali hazina uhusiano na kinachofanyika hospitalini.

Molekuli ya doksorubisini ni ndogo mno. Mishipa ya damu haiwezi kuizuia. Inatoka popote, inaingia popote, kwenye uvimbe, kwenye mizizi ya nywele, kwenye utumbo, kwenye moyo. Basi swali la watafiti lilikuwa hili: tukiifanya iwe kubwa kidogo, itapita wapi na itashindwa kupita wapi?

Chombo cha kuifanya iwe kubwa kilikuwa kimeshapatikana. Mapema miaka ya 1960, Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge nchini Uingereza, walikuwa wakichunguza fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa kila seli. Molekuli ya fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia nyingi majini, hujipanga zenyewe tabaka mbili, mikia ikitazamana ndani na vichwa vikigusa maji, kisha utando huo hujikunja na kufunga duara. Ndani ya duara hubaki tone la maji. Kipovu hicho huitwa liposomu. Hakuna anayekishona, maji na mafuta humaliza kazi vyenyewe.

Liposomu ya doksorubisini ina upana wa nanometa 80 hadi 100 hivi. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo ungehitaji vipovu kama themanini vilivyopangwa mstari ili kuivuka seli moja. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Chembe isiyofika nanometa 6 hivi huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Inayozidi 200 hunaswa kwa urahisi kwenye bandama. Katikati ya mipaka hiyo ndipo kuna nafasi.

Kuijaza dawa ndani ya kipovu ndiko kunakonistaajabisha kuliko yote. Kipovu hutengenezwa kwanza kikiwa na chumvi ya amonia salfeti ndani yake, bila dawa. Kisha hutiwa kwenye maji yenye doksorubisini. Molekuli ya dawa isiyo na chaji hupenya ukuta wa mafuta bila shida, lakini ikishafika ndani hukutana na asidi, hupata chaji, na mlango huifungia. Inaungana na salfeti na kuganda kuwa fuwele ndefu kama sindano. Kwa njia hiyo kipovu kimoja hubeba molekuli 10,000 hadi 15,000, na hazivuji njiani.

Likabaki ini. Ndani ya ini kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni kinachopita kwenye damu, na vipovu vya kwanza vilimezwa muda mfupi tu baada ya kudungwa. Suluhisho lilikuwa kuvivika nyuzi za polietilini glaikoli. Nyuzi hizo huvuta maji na kukizungushia kipovu koti la maji, protini za damu zikashindwa kujibandika juu yake, na seli za ini zikachelewa kukitambua. Nusu ya dawa iliyofungwa hivyo huendelea kuwamo kwenye damu kwa siku mbili hadi tatu. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem ndio waliofikisha kazi hii mwisho, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha Doxil, yaani doksorubisini ya kwenye vipovu, kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye saratani iitwayo Kaposi sakoma. Ilikuwa dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa nchini humo.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: kipovu kinaujuaje uvimbe ulipo?

Hakiujui. Mjerumani Paul Ehrlich, mwanzoni mwa karne ya 20, aliota risasi ya ajabu ambayo ingemfuata adui peke yake bila kumgusa mwingine. Liposomu hii si risasi ya namna hiyo. Inazunguka tu na damu. Mwaka 1986, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walionyesha kwamba molekuli kubwa hujikusanya ndani ya uvimbe bila kuelekezwa na mtu. Walieleza kuwa uvimbe hukua haraka na kujijengea mishipa ya damu kwa papara. Kuta zake huwa na mianya, na mifereji ya limfu ya kurudisha majimaji huwa mibovu. Kinachovuja humo hukosa njia ya kutoka.

Mishipa ya moyo ni tofauti. Kuta zake zimebana, na kitu cha nanometa 80 hakipenyi kwa urahisi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko mengine: thamani ya kipovu iko zaidi mahali kisipofika. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa lilithibitisha hivyo. Dawa ya kwenye vipovu haikuudhibiti ugonjwa vizuri zaidi ya ile ya kawaida, matokeo yalikaribiana. Ila madhara ya moyo yalipungua sana. Haikosi madhara yake, kwani vipovu vinavyozunguka kwa siku nyingi huishia pia kwenye ngozi, na baadhi ya wagonjwa hupata wekundu, maumivu na kuchubuka viganjani na kwenye nyayo.

Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ina kisa kinachofanana na hiki. Dawa hiyo, iliyotokana na gome la mti, haiyeyuki kwenye maji, hivyo iliyeyushwa kwa kemikali itokanayo na mafuta ya nyonyo, nayo ilisababisha mzio mkali. Mwaka 2005 ikaidhinishwa kwa njia nyingine: imebandikwa kwenye albumini, protini ya kawaida ya damu, katika chembe za nanometa 130 hivi. Mafuta yakaondoka, na dripu ya saa tatu ikawa ya nusu saa.

Lakini ni kiasi gani hasa kinafika kwenye uvimbe? Mwaka 2016, kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama na kukuta kwamba kipimo cha kati ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na bandama. Mwaka 2020 kundi hilo likatikisa hata maelezo ya mianya: katika vivimbe walivyochunguza, mianya ilikuwa michache, na hadi asilimia 97 ya chembe zilivushwa na seli zenyewe za ukuta wa mshipa. Wengine walishika vichwa. Mimi naona ni habari njema, maana mwanya huwezi kuuamuru ufunguke, lakini seli inayobeba mzigo inaweza kuchunguzwa na kushawishiwa ibebe zaidi.

Na kuna saratani ambayo haina uvimbe wa kuulenga. Leukemia huanzia kwenye uboho wa mifupa, na mishipa ya uboho, kama ile ya ini na bandama, ina mianya ya asili. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha liposomu inayobeba dawa mbili kwa pamoja, daunorubisini na saitarabini, kwa uwiano wa molekuli 1 kwa 5. Zikidungwa kila moja peke yake, dawa hizo hutoka mwilini kwa kasi tofauti na uwiano huharibika; ndani ya kipovu hufika zikiwa bado bega kwa bega. Wagonjwa wa miaka 60 hadi 75 wenye aina kali ya leukemia, waliopewa kipovu hicho, waliishi kwa kipimo cha kati cha miezi 9.56, dhidi ya 5.95 kwa waliopewa dawa zile zile bila kipovu.